Hodhi la Kuogea Juu ya Boriti: Ninavyokagua Sakafu za Mji Mkongwe

Mwenye nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar anaponipigia simu kutaka kujua kama ghorofa yake ya pili itastahimili hodhi la kuogea, swali langu la kwanza huwa ni nani anayekaa chini ya chumba hicho, na kama ataniruhusu kuingia. Wengi hushangaa, kwa kuwa walitarajia niulize uzito wa hodhi. Uzito nitausoma kwenye karatasi ya muuzaji. Hali ya boriti haikuandikwa popote, na huonekana kwa kutazamwa kutoka chini.

Nyumba hizi hazikujengwa kwa zege la nondo. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, nene kiasi cha nusu mita au zaidi, na kutoka ukuta hadi ukuta zimelazwa boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida zina kipenyo cha sentimita 11 hadi 14. Juu ya boriti hupangwa mawe bapa ya matumbawe, kisha humwagwa zege la chokaa na kokoto, likapigiliwa kwa vipande vya mti mpaka likashikana. Mkoko ni mti mgumu sana, lakini ni nadra kuupata mrefu ulionyooka, ndiyo maana vyumba vingi vya zamani vina upana wa mita 3 au pungufu hata pale ambapo urefu wake ni mara tatu ya hapo. Vyumba vya kale vya Oman na nchi za Ghuba, vilivyofunikwa kwa boriti zilizosafirishwa na majahazi kutoka Rufiji na Lamu, vina wembamba uleule.

Sasa tuje kwenye uzito. Tuchukue hodhi la chuma cha kusubu lenye urefu wa sentimita 170 na upana wa sentimita 75, ambalo likiwa tupu lina kilo 150. Likijazwa hadi kwenye tundu la juu la kutolea maji ya ziada, linachukua lita 220, yaani kilo nyingine 220. Kuhusu muogaji, watu humwongeza mzima mzima bila kufikiri, ilhali mwili wa mtu una uzito unaokaribiana na wa maji, ujazo kwa ujazo, na sehemu iliyozama inakalia nafasi ambayo ingekaliwa na maji yaleyale. Hata hivyo mimi huhesabu kilo zake 80 zote, kwa sababu mtu huingia kabla maji ya ziada hayajapata muda wa kutoka, na kwa sababu napenda kulala usingizi wangu. Jumla ni kilo 450, ambazo zikigawanywa kwa eneo la hodhi zinatoa takriban kilo 350 kwa kila mita ya mraba. Hodhi la akriliki lingepunguza zaidi ya kilo 100 katika hesabu hiyo, na hodhi la terazo linalomwagwa palepale chumbani, kama wanavyopenda wenye hoteli, linaweza kufikia nusu tani kabla halijaonja tone la maji.

Vitabu vya uhandisi vya Kiingereza, ambavyo wengi wetu tulisomea, huagiza sakafu ya makazi ihesabiwe kubeba kilonyutoni 1.5 kwa mita ya mraba, karibu kilo 150. Mtu akiweka 350 karibu na 150 atahitimisha kwamba hodhi haliwezekani, na hapo atakuwa amekosea, kwa sababu zile 150 zinadhaniwa kuenea chumba kizima kwa wakati mmoja. Chumba cha mita 2.6 kwa 4 kinahesabiwa hivyo kubeba zaidi ya kilo 1,500. Hodhi letu ni chini ya theluthi moja ya uzito huo; shida yake ni kwamba limejikusanya mahali pamoja, na kwa hiyo kinachoulizwa ni boriti ngapi zitaligawana na kila moja itaguswa wapi.

Boriti zikiwa zimeachana kwa sentimita 35, hodhi lililolazwa sambamba nazo litabebwa na boriti mbili tu, lakini likigeuzwa likazikata boriti kwa upande litabebwa na tano. Likisogezwa hadi ukutani, sehemu kubwa ya uzito itaingia moja kwa moja kwenye ukuta wa mawe, nayo katikati ya boriti, ambapo mpindo ni mkubwa kuliko pengine popote, itabaki na kazi ndogo. Ninasikitika kusema kwamba picha za mitandaoni zenye hodhi lililosimama peke yake katikati ya chumba ndizo zinazonipa ubishi mwingi zaidi na wateja. Hodhi la miguu minne linahitaji pia mbao ngumu chini ya kila jozi ya miguu, zilizolazwa kukata boriti, ili mguu usitoboe zege la chokaa, ambalo ni laini likilinganishwa na la saruji.

Linalonitia hofu kuliko hodhi ni saruji. Fundi anayetengeneza bafu huona sakafu ya zamani imebonyea, akamwaga tabaka la saruji la sentimita 5 kuisawazisha, akapanga vigae juu yake. Hapo ameongeza karibu kilo 120 kwa kila mita ya mraba, na katika chumba chetu cha mita 2.6 kwa 4 ni zaidi ya kilo 1,200, uzito wa kudumu unaozidi mara mbili na nusu ule wa hodhi lililojaa pamoja na mtu wake. Sijawahi kupigiwa simu na mtu akiniuliza kama sakafu yake itabeba vigae. Isitoshe, chokaa hupumua na saruji haipumui, kwa hiyo unyevu unaopenya kwenye maungio ya vigae hubaki chini yake na kutafuta njia ya kutokea kupitia kwenye mti.

Katika nyumba moja ya mtaa wa Malindi, humohumo Mji Mkongwe, chini ya bafu lililokusudiwa palikuwa na jiko la bibi mmoja mpangaji. Nilipanda ngazi nikiwa na nyundo ndogo, bisibisi, uzi na tochi, nikaanza kugonga boriti moja baada ya nyingine kutoka mlangoni. Boriti nzima hulia kavu na kali. Iliyooza hutoa mlio mzito, kama wa kugonga gunia la mchele. Sita za mwanzo zilikuwa salama. Ya saba, karibu na ukuta, bisibisi ilizama ndani yake hadi kwenye mpini bila mimi kutia nguvu. Bibi alikuwa ameshika ngazi, akaniambia, “Mwanangu, hapo huwa naweka ndoo tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Huko juu hawajaja kuniuliza.” Juu ya hapo palikuwa na bomba la kuogea la kawaida, lisilo na hodhi lolote.

Mti ukilika kwa nje, uwezo wake wa kuhimili mpindo hupungua kwa kasi isiyotarajiwa: boriti ya sentimita 12 ikibakiwa na moyo mzima wa sentimita 9, imebakiwa na asilimia 42 tu ya uwezo huo. Uozo wa kichwani, ndani ya tundu la ukuta, una tabia nyingine, kwani boriti ya namna hiyo haivunjiki bali hupondeka na kuchopoka. Kwa kuwa kichwa hakionekani, natoboa kwa kekee nyembamba kwa mshazari kuelekea ukutani na kuutazama unga unaotoka. Ukiwa mkavu na wenye chembe, naendelea. Ukiwa mweusi na wenye kushikana vidoleni, boriti hiyo siihesabu kabisa. Mwisho navuta uzi chini ya kila boriti kupima imebonyea kiasi gani, na ile iliyobonyea kuliko jirani zake huwekewa alama ya chaki.

Pale hesabu na macho visipoafikiana, napima kwa maji. Katika nyumba ile ya Malindi tuliweka mapipa manne ya plastiki mahali pa hodhi, tukasimamisha mirunda chini yake, vichwa vyake vikiwa vimeachana na boriti kwa sentimita 2 ili vidake iwapo lolote litatokea, kisha tukajaza kidogo kidogo hadi kilo 560, robo zaidi ya uzito halisi. Maji hukaa usiku kucha, kwa sababu mti huendelea kulegea polepole chini ya mzigo, na sakafu inayozidi kushuka bila kuongezewa maji ni sakafu iliyokwisha kujibu. Hii ilishuka milimita 3 jioni, na asubuhi ilikuwa palepale. Jaribio hilo tulilifanya baada ya kubadilisha boriti mbili, kubandua vigae vya zamani na saruji yake, na kupata kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, ambacho bila hicho boriti haiguswi.

Hodhi liligeuzwa likakata boriti tano, ubavu wake ukiegemea ukuta wa nje. Mwenye nyumba alitaka dari ya jiko ifunikwe kwa jipsamu ili bomba la kutolea maji lisionekane. Nilikataa, na bomba likaachwa wazi juu ya jiko la bibi, ili tone la kwanza limwangukie mtu atakayelipigia kelele.