DD-214 Iliyosahau Djibouti

Ukiniletea DD-214 yako, ile hati ya kumaliza utumishi katika jeshi la Marekani, macho yangu yanakwenda kwanza kwenye kisanduku cha 13 na cha 18. Cha 13 ndicho chenye medali, beji na riboni. Cha 18 ni cha maelezo ya ziada, na humo ndimo karani wa jeshi anapotakiwa kuandika nchi uliyotumwa, siku uliyoingia na siku uliyotoka. Halafu napandisha macho hadi 12f, penye hesabu ya miaka, miezi na siku ulizotumikia nje ya Marekani. Visanduku hivi vitatu vinapaswa kusema habari moja. Mara nyingi havisemi.

Kazi yangu ni kuwasaidia wanajeshi wa zamani wa Marekani kudai haki zao, na wanaonipigia simu kwa Kiswahili wengi ni watu wetu wa Kenya, Tanzania na Kongo. Kuna walioingia jeshini wakiwa na green card, na kuna waliopitia ule mpango wa MAVNI ulioanza 2009 na kuacha kuandikisha watu wapya 2016, ambao uliwatafuta wenye lugha ambazo jeshi lilizihitaji, Kiswahili kikiwemo. Mmoja wao alikaa Camp Lemonnier, kambi ya Marekani kule Djibouti, kwa miezi tisa. Kisanduku chake cha 12f ni sifuri tupu, cha 18 hakitaji Djibouti hata kwa bahati mbaya, na cha 13 kina zile riboni ambazo karibu kila askari hupewa kwa kumaliza mafunzo. Kwa mujibu wa hati hiyo, hakuwahi kutoka Texas.

Hutokeaje? DD-214 huandaliwa wiki za mwisho kabisa na mtu asiyekujua, kwa kutegemea kilichomo kwenye faili lako la kielektroniki. Kama oda zako za kutumwa hazikuwahi kuingizwa humo, kwake hukutumwa. Wanaoumia zaidi ni wale waliotolewa kwenye kikosi chao mmoja mmoja na kuazimwa kikosi kingine: karatasi zao zilibaki kwa kikosi kilichowapokea, nacho kikarudi jimbo jingine. Kuna pia medali ya kumaliza misheni ambayo kamanda aliitia saini wakati wewe umeshahamia kambi nyingine, oda yake ikakosa mtu wa kuiingiza kwenye faili. Mwisho unaitwa uhakiki rasimu na kuisaini, akili yote iko kwenye kurudisha vifaa na kupakia gari. Unasaini.

Wapo wanaoniambia medali haziliwi. Ni kweli, lakini nchi na tarehe zinaliwa. Chini ya sheria ya PACT, iliyotiwa saini 10 Agosti 2022, magonjwa kadhaa ya kifua na aina kadhaa za saratani huhesabiwa kuwa yametokana na utumishi kwa askari aliyekaa katika nchi zilizotajwa, bila yeye kulazimika kuthibitisha kwamba ni moshi wa mashimo ya kuchomea taka uliomdhuru. Djibouti imo kwenye orodha kuanzia 11 Septemba 2001. Somalia imo kuanzia 2 Agosti 1990. Kenya haimo, kwa hiyo aliyekaa Manda Bay kule Lamu na mwenzake aliyekaa Djibouti wanaweza kukohoa kikohozi kilekile na bado madai yao yakapita njia mbili tofauti. Medali nazo zina kazi yake: kwenye ajira za serikali kuu, medali ya kampeni au ya misheni ni mojawapo ya njia za kupata zile pointi 5 za upendeleo kwa wanajeshi wa zamani.

Sasa jambo la haraka kuliko yote, kabla hujagusa fomu yoyote ya marekebisho. Kama una ugonjwa unaotaka kuudai VA, idara ya serikali ya wanajeshi wa zamani, peleka leo fomu 21-0966, ile ya kutangaza nia ya kudai. Inakupa mwaka mmoja wa kukamilisha madai yenyewe, na yakikubaliwa malipo yanaweza kuhesabiwa kuanzia siku uliyotangaza nia. Marekebisho ya DD-214 yanaweza kuchukua muda mrefu kuliko huo mwaka. Tena VA haifungwi na DD-214 peke yake. Inaweza kuthibitisha kwamba ulikuwa Djibouti kwa kumbukumbu za mishahara na za matibabu hata hati yako ikiwa bado kimya. Nimeona watu wakikaa na ugonjwa miaka wakisubiri karatasi irekebishwe kwanza, na hakuna aliyewaambia wasubiri.

Turudi kwenye karatasi. Kinachorekebisha DD-214 ni karatasi nyingine ya jeshi ya wakati uleule. Simulizi lako, hata likiwa la kweli kiasi gani, likienda peke yake halifiki mbali. Kwa hiyo omba faili lako lote la utumishi, wala usiridhike na nakala ya DD-214 tu. Waliotoka miaka ya karibuni hulipata kupitia tovuti ya milConnect. Wengine huandika kwa Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu za Wanajeshi kule St. Louis kwa fomu SF-180 au kupitia mfumo wa eVetRecs. Kwa mwenye faili, kuomba nakala ya hati yake ya kumaliza utumishi hakuna malipo. Zile kampuni zinazokutoza ili zikuombee zinajaza fomu hiyohiyo.

Humo natafuta oda za kutumwa, oda za medali zenye namba, muhtasari wa utumishi ambao Jeshi la Nchi Kavu liliuita ERB, tathmini za utendaji zinazotaja ulifanyia wapi kazi, vocha za safari, na ile fomu ya afya ya DD 2796 ambayo askari huijaza anaporudi kutoka kwenye misheni. Hiyo ya mwisho watu huidharau, nami naipenda sana, kwa sababu juu yake kuna jina la nchi na tarehe, na uliijaza siku zilezile.

Oda zikikosekana kabisa, nageukia mshahara. Jeshi linaweza kupoteza oda, lakini mahali pengine lilikulipa kwa kuwepo kule. Fungua slipu zako za mshahara, zile LES, za miezi ya misheni, utazame safu ya stahili upande wa kushoto. Posho ya hatari ni dola 225 kwa mwezi. Tangu 2012 posho ya maeneo ya hatari hugawanywa kwa siku, dola 7.50 kila siku, na hapo slipu inageuka kalenda. Yule wa Djibouti aliniletea slipu ya mwezi wake wa kwanza ikiwa na posho ya dola 67.50. Gawanya kwa 7.50 unapata siku 9. Alisema alitua tarehe 22 Juni, na kutoka 22 hadi 30 ni siku 9 kamili. Slipu ya mwezi wa mwisho ikatoa tarehe ya kuondoka kwa njia hiyohiyo.

Umetupa slipu? Angalia W-2 zako za zamani, zile hati za mshahara na kodi za kila mwaka, kisanduku cha 12, kama kuna herufi Q. Hiyo ni alama ya mshahara wa eneo la mapigano usiotozwa kodi. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, hutoa bure muhtasari wa W-2 kurudi nyuma hadi miaka 10. Haitaji nchi, lakini ikikaa kando ya tathmini inayotaja Camp Lemonnier, mbishi anaishiwa maneno.

Ukishakuwa na karatasi ndipo unachagua mlango. Kosa ambalo ushahidi wake tayari umo kwenye faili, au una nakala rasmi yake mkononi, linakwenda kwa tawi lako la jeshi lenyewe: Jeshi la Nchi Kavu ni HRC, ofisi yake ya rasilimali watu, kule Fort Knox, Wanamaji ni Millington, Tennessee, Jeshi la Anga ni kambi ya Randolph mjini San Antonio, na Marine ni Quantico. Andika barua fupi. Taja kisanduku, kinasemaje sasa, kinapaswa kusemaje, na karatasi ipi inathibitisha. Ukurasa mmoja unatosha. Wakikubali hawakupi DD-214 mpya, wanatoa DD-215, karatasi ya marekebisho inayosomwa pamoja na ile ya kwanza. Wengi hukasirika hapo wakidhani wamepewa nusu ya haki yao. Hapana, ndivyo mfumo ulivyo, na DD-215 ina nguvu ileile.

Mlango wa pili ni bodi ya kurekebisha kumbukumbu za kijeshi, kwa fomu DD-149. Si kila tawi lina yake: mambo ya Marine husikilizwa na ile ya Wanamaji, na ya Jeshi la Anga za Juu na ile ya Jeshi la Anga. Unakwenda huko tawi likikukatalia, au jambo likihitaji uamuzi na si kunakili tu. Ukiruka mlango wa kwanza, tegemea kurudishiwa maombi yako uanzie chini. Sheria inakupa miaka 3 tangu ugundue kosa, ila bodi inaweza kusamehe ucheleweshaji kwa maslahi ya haki, kwa hiyo aliyetoka 2009 asikate tamaa. Aeleze tu kwa ukweli kwa nini amechelewa. Bodi nayo imewekewa muda: maombi 9 kati ya 10 yanapaswa kuamuliwa ndani ya miezi 10, na yasizidi miezi 18. Huanza na dhana kwamba jeshi lilifanya kazi yake sawasawa. Wewe ndiye wa kuonyesha vinginevyo, na ndiyo maana maombi ya hasira yenye kurasa kumi na kiambatisho kimoja huanguka. Kubadilisha aina ya kuachishwa, kama hukupata ile ya heshima, ni shughuli nyingine yenye fomu DD-293 na muda wa miaka 15, na sitaigusa hapa.

Medali zenyewe ziko za namna tatu, na watu huzichanganya.

Za kampeni na za misheni zina masharti ya mahali na siku. Kwa Medali ya Kampeni ya Iraq au ya Afghanistan, na kwa ile ya misheni za vita dhidi ya ugaidi ambayo hupewa waliokuwa Djibouti, kwa kawaida ni siku 30 mfululizo au 60 zisizofuatana. Tarehe zikithibitika, medali inazifuata. Usisahau nyota zinazobandikwa kwenye medali, moja kwa kila kipindi cha kampeni: kampeni ya Iraq iligawanywa vipindi 7, na aliyekuwepo kuanzia Oktoba 2006 hadi Septemba 2007 amegusa viwili, kwa sababu kimoja kilikwisha 9 Januari 2007 na kingine kikaanza kesho yake. Hati yake ikitaja nyota moja, imepungua.

Za sifa, kama ile ya pongezi au ya mafanikio, hazifuati tarehe. Zinahitaji oda. Kuwa na cheti ukutani chenye saini na namba ya oda ni nusu ya safari, basi kipige picha kabla ya kukitoa kwenye fremu.

Namna ya tatu ndiyo ngumu. Kamanda alisema atakupendekezea, au alipendekeza na karatasi zikapotea njiani, na oda haikutoka kamwe. HRC haiwezi kukuandikia medali ambayo hakuna aliyeiidhinisha. Ipo njia ya kisheria, kifungu cha 1130, ambapo mbunge wako katika Bunge la Marekani anaiomba wizara husika ilitazame upya pendekezo lililochelewa. Unahitaji pendekezo lililoandikwa, maelezo ya tukio, na ushahidi wa walioona kwa macho yao. Hapa ushahidi wa wenzako una uzito wake. Kwa beji ya kupambana na adui, CAB, waandike tarehe, mahali, umbali wa mlipuko, na wao walikuwa wamesimama wapi. “Ni askari hodari na ninamfahamu vizuri” haisaidii kitu.

Kuna jambo linalotuhusu sisi hasa: majina. Mtu ana majina matatu, karani wa kuandikisha ameona la babu akalifanya la ukoo, na la baba limegeuka herufi moja. Miaka inapita, hati ya uraia inasema hivi na DD-214 inasema vile. Kama jina lilikosewa tangu mwanzo, ushahidi wako ni mkataba wa kujiandikisha, DD Form 4, pamoja na pasipoti uliyoingia nayo. Lakini kama ulibadilisha jina baada ya kutoka, kwa ndoa au siku ya kuapa uraia, usitarajie jeshi libadilishe hati. Msimamo wao ni kwamba kumbukumbu ibaki na jina ulilotumikia nalo. Weka hati ya mahakama au ya uraia nyuma ya DD-214 uendelee na maisha.

Wakwe na wazee wanaouliza kuhusu utumishi wa miaka ya 1940 na 1950 wana tatizo tofauti. Moto wa 12 Julai 1973 uliteketeza mamilioni ya mafaili pale St. Louis, mengi yakiwa ya Jeshi la Nchi Kavu ya waliotoka kabla ya 1960. Kwao kituo hukusanya upya habari kutoka vyanzo vingine, na huchukua subira.

DD-215 ikifika, isome kwa makini kama ulivyopaswa kuisoma ile ya kwanza, tarehe moja moja. Nakala moja mpelekee VA kama madai yako yako wazi, nyingine mwajiri wa serikali, nyingine ofisi ya wanajeshi wa zamani ya jimbo lako. Na kabla ya kuisajili kwenye ofisi ya kaunti kama wazee wanavyoshauri, uliza kwanza kama jimbo lako huziacha hati hizo wazi kwa umma, maana DD-214 nyingi zina namba yako ya hifadhi ya jamii juu kabisa, kisanduku cha 3.