Mwaridi mdogo wa njano si ua la sebuleni

Wiki hii huyu ni wa tatu. Binti wa Makorora ameingia kitaluni jana asubuhi, kikapu mkononi, na ndani ya kikapu chungu cha mwaridi mdogo wa njano uliobaki vijiti.

"Shikamoo mama. Joto la Tanga limeniulia ua langu. Na niliuweka ndani kabisa, jua lisiufikie."

Marahaba mwanangu. Joto halijaua kitu hapo. Umekufa kwa sababu uliuweka ndani.

Nimelisema hili mpaka sauti inakauka, leo naliandika. Kwanza nieleze tulichokiona tulipougonga ule mche ukatoka kwenye chungu. Udongo ulikuwa unanata na unanuka mfereji. Mizizi imekuwa ya kahawia, ukiivuta ganda linavuka na kukuachia uzi vidoleni. Na mwaridi haukuwa mmoja, ilikuwa minne! Wanaozalisha miwaridi ya vyungu huchomeka vipandikizi vitatu au vinne kwenye chungu cha sentimita kama 10, ili siku ya kuuzwa kichaka kionekane kimejaa. Duka linapendeza, lakini nyumbani kwako ni miche minne inayogombania ugali wa mtu mmoja. Ukinunua, acha maua yaishe, kisha hamishia kwenye ndoo ya lita 10 iliyotobolewa matundu chini. Mwenye mkono mwepesi aitenganishe, kila mche na chombo chake.

Balaa lote linaanzia kwenye neno "mdogo". Mtu anaona ua la ukubwa wa kifungo cha koti, anaamua hiki ni kitoto, basi anakilea kama kitoto: kivulini, mbali na upepo, maji kikombe kimoja kila jioni. Mwaridi huu ni mdogo kwa umbo tu. Unafika sentimita 30 au 40 na unachanua mfululizo, ukimaliza raundi moja unaanza nyingine. Nguvu ya kuchanua namna hiyo inatoka kwenye jua, na jua lenyewe ni la moja kwa moja, muda usiopungua saa 6 kwa siku. Sebuleni, hata kando ya dirisha lenye pazia jepesi, haulipati. Jicho letu linazoea giza haraka, tunaona chumba kina mwanga, kumbe mmea unashinda na njaa. Ongeza feni inayokausha majani mchana kutwa, na utitiri mwekundu unaupenda ukavu huo. Geuza jani utazame chini: ukiona vumbi linalotembea na utando mwembamba kuliko wa buibui, ndio wenyewe.

Halafu nasikia waridi ni la Lushoto na Arusha, pwani halikai. Wanaosema hivyo wamesahau vikuba vya bibi zao, vile vishada vya maua ya kunukia vya kujipamba. Asumini, mrehani na waridi vimefungwa pamoja huku pwani tangu zamani. Na udogo wa miwaridi hii pamoja na kuchanua kwake bila msimu ni urithi wa mwaridi wa Uchina, ambao joto umelizoea. Ninachokubali ni kwamba huku kwetu ua hufunguka upesi na kupauka upesi. Lushoto linakaa siku nyingi zaidi. Tofauti ni hiyo.

Jua lenyewe nalo lina maneno. Vitabu vinasema siku nzima, yaishe. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, mimi naona kinachoungua si jani, ni chungu. Chungu cheusi cha plastiki kikipigwa na jua la saa tisa alasiri, ukikigusa unarudisha mkono, na mizizi imo humo ndani. Kwa hiyo naweka upande wa mashariki wa ukuta, jua la asubuhi mpaka kama saa saba, baadaye kivuli cha ukuta. Lakini nina miche mingine niliyoiacha juani kutwa, kwenye vyungu vya udongo, na ukweli ni kwamba inachanua zaidi kuliko ile ya ukutani. Ila maua yake yanatoka njano ya kiini cha yai, na adhuhuri yameshakuwa rangi ya maziwa. Ya ukutani ni machache na njano yake inadumu. Nimekwenda nayo hivyo misimu kadhaa na bado sijaamua ipi bora. Mteja akiniuliza, namwuliza anataka wingi au rangi.

Sasa maji, na hapa ndipo nachoka kabisa. Kumwagilia jioni "jua likipoa", tena kwa kunyunyizia majani, ndiyo njia ya uhakika ya kuukaribisha ugonjwa wa madoa meusi. Ni ukungu. Mbegu zake zikitua juu ya jani huhitaji jani libaki limelowa mfululizo kwa muda wa saa kama 7 ndipo ziingie. Ukinyunyizia saa moja jioni, kwa unyevu wa hewa ya Tanga, jani linalala limelowa mpaka alfajiri. Umeupa ukungu usiku mzima. Kisha mtu anakuja na majani yenye madoa meusi yenye kingo zilizochanika, njano imezunguka doa, yanapukutika kuanzia chini, ananiambia tena ni joto.

Na mwaridi wa njano ndio unaoumia kuliko mwekundu. Ipo sababu. Joseph Pernet-Ducher, mkulima wa mawaridi wa Lyon, Ufaransa, aliipata njano kali ya mawaridi ya bustani kwa kuzalisha na mwaridi wa njano wa Uajemi, na Soleil d'Or yake ikatoka mwaka 1900. Rangi ilikuja pamoja na udhaifu wa madoa meusi, na vizazi vimeendelea kurithi vyote viwili. Wapo walioboresha sana. Rise 'n' Shine ya Ralph Moore wa California, ya mwaka 1977, ni mwaridi mdogo wa njano unaotajwa mpaka leo. Lakini masika ya Tanga ni masika, hakuna mwaridi wa njano niliowahi kuupitisha Aprili na Mei bila doa hata moja. Naokota majani yote yaliyoanguka, nayachoma, naachanisha vyungu upepo upite katikati.

Basi nikishasema hivyo, mtu anaapa hataki tena tone la maji liguse jani. Hapana! Asubuhi, saa moja, mimi mwenyewe naosha majani kwa maji yasiyo na chumvi, hasa upande wa chini. Utitiri unaanguka, na wakazi wa Raskazone wanaondoa chumvi iliyoletwa na upepo wa bahari. Saa tatu jani limekauka. Ubaya wa maji uko kwenye saa ambazo jani linabaki limelowa. Kwenye chungu mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha acha. Chomeka kidole, kikitoka kikavu mpaka kiungo cha pili, mwagilia tena. Kikombe kimoja kila siku kinalowesha juu tu.

Jambo la mwisho linaloniudhi ni majivu. Mzee mmoja wa Ngamiani, ninayemheshimu sana, aliweka majivu na maganda ya mayai kila wiki kwa nia njema. Majani machanga yakawa ya njano, mishipa imebaki kijani kama ramani ya mito. Akaongeza majivu. Mzee wangu, sisi hatuna uhaba wa chokaa. Mapango ya Amboni yenyewe yamechongwa ndani ya mawe ya chokaa, na visima vyetu vingi vimepita kwenye matumbawe. Mwaridi unataka udongo wenye uchachu kidogo, na chokaa ikizidi unashindwa kuchukua chuma hata kama kimo ardhini. Majivu ni kuongeza chokaa juu ya chokaa. Tuliubadilisha udongo wote: mboji nusu, udongo mwekundu robo, mchanga wa mto robo. Nasema wa mto, si wa ufukweni. Makumbi ya nazi yanafaa sana, lakini kama yalilowekwa baharini yaoshe kwa maji yasiyo na chumvi mara tatu kabla hujayagusisha mzizi. Maji ya mvua yakiwezekana, kinga.

Mbolea: samadi ya mbuzi iliyooza, konzi moja kwa mwezi, isiguse shina. Ya kuku mbichi inaunguza. Kupogoa: kila ua likinyauka kata juu ya jani lenye vijani vitano, na mara moja kwa mwaka, masika yakiisha, punguza theluthi. Wengine wanakata nusu. Nimejaribu nusu, mwaka mmoja ikachipua kwa kishindo, mwaka uliofuata nikapoteza mitano. Nimebaki na theluthi.

Yule binti tuliitenganisha miche yake. Miwili ilikuwa imekwisha, tukaitupa. Mmoja ulikuwa na mzizi mweupe wa urefu wa kidole, mwingine mizizi mitatu kama nyuzi. Nikamwambia ukichipua, machipukizi yatakuwa mekundu, asidhani ni ugonjwa, na tumba la kwanza alitoe ili nguvu irudi kwenye mizizi.

"Mama, tumba la kwanza nalitoaje?"

Kwa kucha, nikamwambia, asubuhi, kabla halijaonyesha njano. Akishaiona njano hatoweza.