Je, wajua kwa nini kano ya bega iliyochanika si lazima ishonwe?

Fundi rangi wa miaka sitini na kitu hawezi tena kuinua brashi kufikia dari. Usiku akilalia bega la kulia anaamka kwa maumivu. Anapigwa picha ya MRI, majibu yanasema kano, ile kamba inayoushika msuli kwenye mfupa, imechanika yote, unene mzima. Ameshajiandaa kwa kisu, ndugu wameshaanza kuchangishana, halafu daktari anamwambia: "Mzee, nenda ukafanye mazoezi wiki 12, kisha tuonane." Anatoka pale akihisi amepuuzwa.

Wiki hiyohiyo, kwa daktari yuleyule, anakuja kijana wa bodaboda aliyeteleza kwenye tope na kutua kwa mkono. Naye kano imechanika, mahali palepale. Huyu anaambiwa asikawie, atafute nafasi ya upasuaji ndani ya wiki chache.

Kwa nini mmoja ashonwe na mwingine apewe mazoezi? Tuanze na bega lenyewe. Nyonga ina kikombe kirefu kinachomeza kichwa cha mfupa wa paja. Bega halina kitu kama hicho. Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa kama chungwa juu ya kisahani cha kahawa, na kinacholizuia chungwa lisibingirike ni misuli minne inayotoka kwenye ule mfupa bapa wa mgongoni. Kano zake zinakizunguka kichwa hicho kama ukosi wa shati. Inayochanika mara nyingi ni ya juu, suprasipinatasi, inayopita kwenye mwanya mwembamba chini ya mfupa wa ncha ya bega.

Kano hiyo hulika taratibu kwa umri. Mwaka 2006 watafiti wa Washington University, mjini St. Louis, walichapisha matokeo ya kupima mabega yote mawili ya watu waliokuja wakilalamikia bega moja tu. Waliokutwa hawana mchaniko wowote walikuwa na wastani wa miaka kama 49. Waliochanika bega moja, 59. Waliochanika yote mawili, 68. Tafsiri yake ni kwamba hawa wa mwisho walikuwa wanatembea na bega la pili lililochanika bila kulalamika hata kidogo. Mchaniko wa namna hii ni kama mvi za ndani. Ukimpima fundi wetu bega la kushoto, lisilomuuma, huenda ukakuta tundu huko pia. Ndiyo maana daktari mzuri haendeshwi na picha peke yake.

Mazoezi hayazibi tundu, na asiyeambiwa hivyo mapema hukata tamaa wiki ya tatu. Kinachofanyika ni kama hema lililokatika kamba moja: unakaza zilizobaki. Misuli ya mbele na ya nyuma ikipata nguvu, chungwa linabaki katikati ya kisahani, na ule msuli mkubwa unaolifunika bega kama kofia unapata pa kushika ili uinue mkono.

Marekani kikundi cha watafiti kilifuatilia watu 452 wenye mchaniko kamili usiotokana na ajali, wote wakaanza na fiziotherapia, yaani mazoezi ya tiba. Baada ya miaka 2, waliokuwa wamepasuliwa hawakufika robo. Wengi wa hao waliamua ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Na kilichobashiri vizuri zaidi nani angeishia kwenye kisu hakikuwa ukubwa wa tundu wala ukali wa maumivu. Kilikuwa iwapo mtu, siku ya kwanza, aliamini kuwa mazoezi yatamsaidia. Sidhani kama imani ndiyo iliyowaponya. Nadhani asiyeamini hayafanyi, au anayafanya siku mbili mbele ya mtaalamu na nyumbani anasahau.

Maana fiziotherapia si kukandwa kwa mafuta ya moto. Ni kazi, tena ya kuchosha akili kuliko mwili. Unafunga kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye kitasa cha mlango, unabana taulo iliyokunjwa kati ya kiwiko na mbavu, kisha unavuta mkono kwenda nje polepole. Taulo ikianguka umekosea. Wakati maumivu bado makali unaanza na jepesi zaidi: unainama, unashika meza kwa mkono mzima, ule mbovu unauacha uning'inie na kuyumba kama kamba ya ndoo kisimani. Zoezi hilo huitwa kwa jina la Codman, daktari wa upasuaji wa Boston, ambaye ni yuleyule aliyeandika mwaka 1911 kuhusu kuishona kano hii.

Sasa kijana. Kano yake haikulika, ilikatika ghafla ikiwa nzima, na msuli ukairudisha nyuma kama mpira uliokatika. Msuli usiovuta kitu husinyaa, kisha huanza kujaa mafuta. Mafuta hayo kwa kawaida hayarudi kuwa nyama hata ukishona baadaye. Hapo ndipo haraka inapotoka. Dalili moja hata wewe unaweza kuiona: daktari anauinua mkono mpaka juu bila taabu, akiuachia, unaanguka puu. (Ukikataa kuinuka hata kwa mkono wa daktari, huenda ni bega lililoganda, ugonjwa mwingine unaowapata sana wenye kisukari.)

Katikati ya hawa wawili pana watu wengi, na utafiti hausemi kwa sauti moja. Finland walilinganisha mabega 180 ya watu waliozidi miaka 55, michaniko isiyo ya ajali: baada ya miaka 2 hapakuwa na tofauti ya maana kati ya walioshonwa na waliofanya mazoezi tu. Norway walichukua watu 103, wakiwamo wa ajali, na kufikia mwaka wa 10 walioshonwa walikuwa wamewapita wenzao, kwani kwa baadhi ya wasioshonwa tundu lilizidi kupanuka. Kwa hiyo mtu wa miaka 50 anayebeba mizigo ana haki ya kukifikiria kisu mapema kuliko mzee aliyestaafu. Sindano za steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, nazo hutuliza maumivu kwa wiki kadhaa. Kuzirudiarudia huidhoofisha kano yenyewe.

Na kushonwa si mwisho wa habari. Mkono hukaa kwenye mfuko wa shingoni wiki 4 hadi 6, kulala nao humo humo. Kisha yanakuja mazoezi yaleyale ya fundi rangi, kuanzia ndoo ya kisimani, kwa miezi. Kazi nzito husubiri nusu mwaka au zaidi. Kijana wetu aliposikia hivyo hakuuliza habari za ganzi wala kovu. Aliuliza pikipiki ya tajiri ataiendesha nani, na hesabu ya kila siku itatoka wapi.