Uasi wa McMurphy: yanayosemwa mitaani na yaliyomo kitabuni

Wengi wanamjua McMurphy, yule mgonjwa mwasi wa wodi ya vichaa, kwa sura ya mwigizaji Jack Nicholson: kofia ya sufu kichwani, kicheko cha kihuni, karata mkononi. Filamu ya One Flew Over the Cuckoo's Nest ilitoka Novemba 1975, ikazoa tuzo 5 kuu za Oscar kwa mkupuo, na tangu hapo kila hadithi ya mtu aliyefungiwa akagoma hupimwa kwa kipimo chake. Riwaya iliyoizaa ni ya mwaka 1962. Mwandishi wake, Ken Kesey, aliwahi kufanya zamu za usiku katika hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Menlo Park, California, na hapo hapo alijitolea kufanyiwa majaribio ya dawa za kulevya ambayo fedha zake, kama ilivyojulikana baadaye, zilitoka CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Kwa hiyo wodi alikuwa anaijua. Ukiisoma riwaya yenyewe, nusu ya yale yanayorudiwa kuhusu uasi ule yanapwaya.

"Wagonjwa wale walikuwa mateka"

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Ni kweli madirisha yana wavu wa chuma, dawa ni za lazima, na wahudumu wanatembea na funguo. Lakini katikati ya kitabu McMurphy anawajia juu wenzake: kwa nini walimwacha amchokoze muuguzi mkuu, Ratched, wakati wanajua kwamba ndiye mwenye kuamua atoke lini? Harding, msomi wa wodi, anamweleza jambo ambalo hakuwa amelifikiria. Kati ya wagonjwa wanaotarajiwa kupona, wanaoshikiliwa kwa nguvu ya sheria ni Scanlon na McMurphy mwenyewe. Waliobaki walijileta. Wakitaka, wanafungasha virago leo na kuondoka. McMurphy haamini masikio yake. Billy Bibbit, kijana mwenye kigugumizi, anaangua kilio: angekuwa na ubavu wa kuikabili dunia ya nje, angekuwa ameshatoka.

Basi kinachowashikilia ni nini? Kitu kimojawapo ni daftari. Liko wazi karibu na chumba cha wauguzi. Mgonjwa akimsikia mwenzake ametokwa na siri au jambo la aibu, anakwenda kuliandika humo. Aliyeandika anawekewa nyota mbele ya jina lake na kesho yake anaruhusiwa kuchelewa kuamka. Kisha siri ile inaletwa kwenye kikao cha wodi, na wenzake wanaichambua mbele yake mpaka asijue pa kuficha uso, kwa jina la tiba. Nadhani hakuna kufuli katika kitabu kile linalofanya kazi vizuri kuliko daftari hilo, na wanaolijaza ni wafungwa wenyewe.

"McMurphy aliingia pale kutetea wanyonge"

Aliingia pale kukwepa jembe. Alikuwa anatumikia kifungo katika shamba la gereza la Pendleton, jimbo la Oregon, akachoka na kazi za sulubu, akajifanya kichaa. Akifika wodini anaanza na kamari: anawala wenzake sigara na fedha, na hata vita yake na muuguzi inaanza kama dau, kwamba atamtoa kwenye reli ndani ya wiki moja.

Halafu kuna sehemu ambayo wanaomsifu huiruka. Kwenye bwawa la kuogelea, mwangalizi wa bwawa, ambaye naye ni mgonjwa, anamwambia kwamba kifungo cha jela kina tarehe ya mwisho, ila aliyeletwa hospitalini kwa amri hatoki mpaka wakubwa waridhike. Asubuhi inayofuata McMurphy anasugua vyoo kimya kimya, sakafu inang'aa. Anaufyata. Katika kikao Cheswick anasimama kudai sigara zao, anageuka kumtazama shujaa wake amuunge mkono, na shujaa hajatamka neno. Cheswick anapelekwa wodi ya wakorofi. Aliporudi akafa maji katika bwawa lile lile, vidole vyake vimeshika wavu wa chini.

Ni baada ya kifo hicho, na baada ya kusikia ya Harding na Billy, ndipo McMurphy anaisogelea ofisi ya wauguzi na kupasua kioo chake kwa mkono. Safari hii anajua bei. Uchokozi wa mwanzo ulikuwa wa mcheza kamari asiyejua kilichowekwa mezani, na kwangu mimi uasi wake unahesabiwa kuanzia kwenye kioo hicho.

"Muuguzi Ratched ni katili mwenye makelele"

Sauti yake karibu wakati wote ni ya upole. Silaha yake ni utaratibu. McMurphy anaomba ratiba ibadilishwe ili watazame fainali za besiboli kwenye televisheni, na kura inapigwa. Wagonjwa 20 wananyoosha mikono, yaani wote wanaojitambua. Muuguzi anatabasamu: wodi ina watu 40, na 20 si wengi zaidi ya nusu. Amewahesabu hata wasiojua wako wapi. McMurphy anahangaika kutoka kiti hadi kiti kutafuta mkono mmoja, na hatimaye anaupata, mkono wa 21. Muuguzi anasema kikao kilishafungwa. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye mkutano ambao mwenyekiti amekuja na matokeo mfukoni anaijua tabasamu hiyo.

McMurphy anavuta kiti na kukaa mbele ya televisheni. Muuguzi anaizima kwa swichi ya ofisini kwake. McMurphy anaendelea kuitazama ikiwa imezimwa, na wenzake wanakuja mmoja mmoja kukaa naye. Anayepiga kelele hapo ni yeye muuguzi.

Hata hivyo tusimpake Kesey mafuta. Wahudumu Weusi amewachora kama watu waliojazwa chuki tu, na shambulio la mwisho la McMurphy dhidi ya muuguzi, kumchania nguo huku akikabwa, limewekwa ili msomaji afurahi. Si lazima afurahi.

"Ni hadithi ya McMurphy"

Anayesimulia ni Bromden, mtu mrefu kuliko wote wodini, Mhindi Mwekundu kwa baba, ambaye kwa miaka amejifanya bubu na kiziwi. Kwa kuwa wanadhani hasikii, wakubwa wanajadili mambo yao mbele yake huku akifagia. Mkono wa 21 ulikuwa wake. Na yeye hakuvunjwa na hospitali kwanza: kabila lake lilikuwa na maporomoko ya kuvulia samaki kwenye mto Columbia, serikali ikataka bwawa la umeme. Hilo si la kubuni. Maporomoko ya Celilo yalizama mwaka 1957, baada ya milango ya bwawa la The Dalles kufungwa. Filamu ilimnyang'anya Bromden usimulizi, na Kesey aligombana na watayarishaji hadi mahakamani.

"Mshtuko wa umeme na lobotomia ni kitu kimoja"

Hapana. Lobotomia ni upasuaji wa kukata njia za ubongo. Ilimpa daktari Mreno Egas Moniz tuzo ya Nobel mwaka 1949 na baadaye ikaachwa. Tiba ya mshtuko wa umeme inatumika hadi leo, hasa kwa sonona kali, ila mgonjwa huwekwa nusukaputi na kupewa dawa ya kulegeza misuli. Kitabuni McMurphy anapitishwa kwenye vyote viwili, na lobotomia ndiyo inayommaliza.

"Filamu ndiyo iliyofunga hospitali za vichaa Marekani"

Tarehe zinakataa. Hospitali za majimbo zilifikia kilele mwaka 1955, zikiwa na wagonjwa takribani 559,000. Mwaka mmoja kabla, klopromazini, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili, ilikuwa imeruhusiwa nchini humo. Oktoba 1963 Rais Kennedy, ambaye dada yake Rosemary alifanyiwa lobotomia mwaka 1941, alisaini sheria ya vituo vya afya ya akili vya jamii. Juni 1975 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi katika kesi ya Kenneth Donaldson, aliyezuiliwa Florida karibu miaka 15, kwamba mtu asiye hatari anayeweza kujimudu nje hawezi kufungiwa tu. Filamu ilipofika kwenye majumba ya sinema miezi mitano baadaye, waliobaki wodini walikuwa wameshashuka chini ya 200,000. Tena ilipigwa ndani ya hospitali halisi ya Salem, Oregon, na daktari mkuu wake, Dean Brooks, aliigiza kama daktari wa wodi.

Vituo vilivyoahidiwa mwaka 1963 vingi havikujengwa. Wengi waliotolewa waliishia barabarani au jela, na gereza la Cook County, Chicago, kwa miaka limetajwa miongoni mwa mahali pakubwa zaidi nchini humo panapohudumia wagonjwa wa akili.