Dhikri si ya wenye nafasi tu

Wengi huamini kwamba dhikri, yaani kumkumbuka na kumtaja Mwenyezi Mungu, inataka mtu asiye na shughuli: awe na udhu, akae msikitini, avute uradi saa nzima. Sivyo. Qur'ani (3:191) inawasifu wanaomkumbuka Mwenyezi Mungu wakiwa wamesimama, wamekaa au wamelala. Udhu ni jema, ila si sharti. Ndani ya daladala au ukikuna nazi, ulimi unaweza kudhukuru.

Tumwangalie Bibi Fatuma. Mikono yake iliumia kwa kusaga nafaka, akaenda kwa baba yake, Mtume (S.A.W.), kuomba mtumishi. Badala ya mtumishi, yeye na mumewe, Ali, wakafundishwa kusema kila wanapokwenda kulala: Subhanallah mara 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34. Ni dakika chache tu, na waliofundishwa walikuwa watu waliochoshwa na kazi.