Mtafiti wa Chuo Akibisha Hodi: Ulizia Barua, Usipige Yowe

Kiangazi kikianza, vijana wenye ndoo na vifuko wanasambaa mashambani, na simu zinaanza kuingia ofisini kwetu, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Hawa wanaochimba udongo ni wa kwenu? Wameona madini? Tulioandikishwa majina, hela za mradi zinatoka lini? Mwingine hata hasubiri jibu: “Tumewashikilia kwa mtendaji, njooni muwachukue.”

Huyo wa mwisho tunamshukuru, angalau amewafikisha kwa mtendaji. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa-Mvumi wilayani Chamwino, watafiti wawili wa udongo kutoka kituo cha Selian, Arusha, waliuawa pamoja na dereva wao na watu walioamini kuwa ni wanyonya damu. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo, basi.

Udongo unachukuliwaje? Mtafiti anapita shamba upande huu na ule, anatoboa mahali kumi hadi ishirini, kina cha sentimita 20 hivi, anamwaga vyote kwenye ndoo moja na kuchanganya. Anabaki na kama nusu kilo, nyingine anairudisha palepale. Ile nusu kilo inaanikwa kivulini, inachekechwa, kisha inapimwa uchachu, fosforasi na mboji. Dhahabu haitafutwi kwa ndoo, ndugu zangu.

Chuo chetu cha SUA kilianza Julai 1984, miezi michache baada ya Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine kufariki kwa ajali ya gari huko Dakawa, mkoani hapahapa. Kabla ya hapo kilikuwa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kampasi ya Mazimbu ilikuwa makazi na shule ya wapigania uhuru wa chama cha ANC cha Afrika Kusini, ndiyo maana inaitwa Solomon Mahlangu, jina la mpiganaji wao. Wengi bado wanadhani hapa tunafundisha watu kushika jembe. Kuna madaktari wa mifugo, wataalamu wa misitu, wa lishe, na wa panya.

Ndiyo, panya. Panya buku wanaofunzwa hapa na shirika la APOPO wananusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Kwa hiyo mtu akiomba kutega mitego nyumbani kwako usiku, usicheke wala usikimbie. Lushoto walioishi kwa miaka na tauni, ugonjwa unaoenezwa na viroboto wa panya, wanajua panya ana habari gani.

Sasa utaratibu, na huu naomba usomwe polepole. Andiko la utafiti hupitishwa chuoni, kisha chuo hutoa barua ya kibali kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Mkoa huandika kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, halmashauri kwa mtendaji wa kata, kata kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Barua inataja jina la mtafiti, kichwa cha utafiti, maeneo na tarehe za kuanza na kumaliza. Tarehe ikipita, kibali kimekufa, hata kama mhuri unang'aa. Mtafiti wa kigeni lazima awe na kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Anayetaka damu au makohozi ya binadamu aonyeshe pia kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Bila hicho, hata sindano isitolewe mfukoni.

Ukishaiona barua, bado una haki ya kukataa. Fomu ya ridhaa si ya kusaini kwa heshima ya mgeni. Unaweza kuacha katikati ya maswali, na hakuna atakayekunyima mbolea ya ruzuku kwa hilo.

Asiye na barua apelekwe kwa mtendaji, bila kuguswa. Barua ya kughushi ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, kifungo hadi miaka saba. Taarifa zako nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hakuna utafiti wa mahindi unaohitaji alama yako ya kidole wala namba ya siri ya pesa za simu. Tunalisema hili kila mwaka, na kila mwaka kuna anayeitaja.

Kuhusu hela: utafiti si TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Unaweza kurudishiwa nauli ukiitwa mbali, lakini kuandikwa jina si kuahidiwa kitu.

Lalamiko moja lina haki kamili: watafiti wanachukua, hawarudi. Hapo siwatetei wenzangu. Siku mtafiti anapojitambulisha, mtendaji amwandikishe ni lini ataleta majibu. Mkutano mkuu wa kijiji unakaa kila baada ya miezi mitatu, na mrejesho wa utafiti unaingia kwenye ajenda kama jambo lingine lolote. Asipotokea, andikeni kwa chuo kwa kutaja kumbukumbu namba iliyo juu ya barua yake.