Mti Uliokufa Wima Si Mti Uliokatwa

"Msitu umeshakufa, kwa hiyo kuuvuna hakutabadilisha chochote mtoni." Nimeisoma sentensi hii tena, safari hii ndani ya mpango wa uvunaji, imeandikwa kana kwamba haihitaji ushahidi. Inahitaji, na ushahidi uliopo unaipinga.

Tuanze na mbawakavu wa misonobari wa magharibi mwa Amerika Kaskazini. Hutoboa gome, huingia na kuvu wa rangi ya buluu, kuvu huziba mishipa ya maji, na mti huacha kunywa. Mwaka unaofuata majani huwa mekundu. Baada ya miaka michache hupukutika na mti hubaki wa kijivu. Hadi hapo hakuna ubishi.

Ubishi unaanzia kwenye hesabu rahisi: miti hainywi, basi maji yote yataenda mtoni. Mwaka 1974 mtafiti Bethlahmy alionyesha kwamba mito ya Colorado, jimbo la Marekani, iliongezeka maji baada ya misprusi (miti ya jamii ya misonobari) kuuawa na mbawakavu katika miaka ya 1940. Huko huko Colorado, kwenye kijito cha Fool Creek, asilimia 40 hivi ya eneo la bonde ilikatwa miti miaka ya 1950 na maji yakaongezeka kwa kiasi kikubwa. Watu wakaunganisha matokeo hayo mawili, wakamhesabu mbawakavu kama msumeno.

Kisha mtafiti Biederman na wenzake, mwaka 2015, wakapima mabonde 8 ya Colorado yaliyoshambuliwa. Ongezeko walilolitarajia hawakuliona.

Kwa nini? Mbawakavu hachinji msitu mzima. Hupendelea miti minene na kuacha miembamba, miche na vichaka vya chini. Hivi vilivyobaki hupata mwanga na maji ambayo havikuwahi kupata, navyo hunywa kwa pupa. Juu ya hayo, theluji iliyokuwa ikinaswa na matawi na kupotelea hewani sasa hufika chini, lakini huko chini hukutana na jua na upepo ambavyo awali vilizuiwa na majani, na sehemu yake hugeuka mvuke bila hata kuyeyuka. Kinachookolewa huku hupotea kule. Wakati huo huo vigogo vya kijivu, japo havina uhai, bado hutoa kivuli na kuvunja upepo kwa miaka mingi.

Sasa leta mashine za kuvuna. Kivuli kinaondoka. Miche iliyokuwa ikinywa inasagwa chini ya magurudumu. Udongo unashindiliwa, na barabara zilizochongwa kwenye mteremko hukata maji yaliyokuwa yakisafiri polepole ardhini, yakaingia mitaroni na kufika kijitoni ndani ya saa chache. Theluji ya eneo lililo wazi huyeyuka mapema na kwa pamoja, kwa hiyo mafuriko ya majira ya kuchipua yanaweza kuja mapema na kuwa makubwa zaidi. Anayesema mto hauoni tofauti hajatazama makalavati yaliyosombwa.

Vitabu huandika haya kwa uhakika kuliko yanavyostahili. Tofauti ya theluji kati ya mwaka na mwaka mara nyingi ni kubwa kuliko badiliko tunalolitafuta. Watafiti Bosch na Hewlett walishaonya mwaka 1982 kwamba ukiondoa chini ya asilimia 20 ya msitu, vipimo vya mtoni huenda visionyeshe kitu. Na kimya cha mto hakimaanishi ardhi haikubadilika. Katika tambarare za British Columbia, jimbo la Kanada, wavunaji walikuta maeneo yaliyokuwa makavu kiangazi yamegeuka tope baada ya misonobari kufa, ikabidi wasubiri ardhi igande ndipo mashine ziingie.

Kwa hiyo mpango ukija mezani kwangu, asilimia ya miti iliyokufa si swali langu la kwanza. Nauliza kuna miche hai kiasi gani chini yake, barabara zitavuka vijito mara ngapi, na sehemu gani ya bonde itakuwa wazi kwa wakati mmoja. Mpango niliousoma safari hii haukujibu hata moja.